Wasio na mfalme nao wana serikali

Nafundisha anthropolojia na kila tukifika kwenye mada ya siasa kuna swali lazima litoke: sasa hawa watu ambao hawakuwa na mfalme, hawakuwa na chifu, polisi hamna, jela hamna, nani alikuwa anawazuia wasimalizane? Swali zuri sana, ila ndani yake kuna dhana kwamba bila mtu mmoja wa juu hamna utawala, na hiyo dhana imewaumiza watu kwelikweli, nitafika huko. Kwanza nieleze utawala wa aina hiyo unaendaje, manake ukishaona unavyofanya kazi utakubali kwamba undugu sio mambo ya harusi na misiba tu. Undugu ni mahakama, ni bima, na ni jeshi pia.

Chukua Wanuer wa Sudan Kusini. Edward Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, alikaa nao miaka ya 1930, na 1940 akachapisha maelezo ambayo mpaka leo tunayasoma na kubishana nayo. Walikuwa watu kama 200,000, wafugaji wa ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kuwaamuru wote. Kila mtu alijua nasaba yake, na nasaba ndiyo iliyompangia nani wa kumsaidia siku ya ugomvi. Ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza wakazozana leo asubuhi, lakini wakisikia binamu zao wamekuja na mikuki ule mzozo unawekwa pembeni wanasimama pamoja, na hao hao binamu nao wakivamiwa na watu wa mbali zaidi basi wote wanakuwa upande mmoja, na hivyo hivyo mpaka juu. Kundi halipo muda wote, linajikusanya kulingana na adui ni nani, na adui akiondoka nalo linarudi kuwa vipande.

Sasa angalia mtu akiua, hapa ndipo napenda wanafunzi wasome polepole. Muuaji anakimbia moja kwa moja mpaka kwa mzee fulani anayevaa ngozi ya chui begani, wageni wakamwita chifu lakini hakuwa chifu kwa maana yoyote ya kuamuru mtu. Yule mzee anamchanja mkono damu itoke, na kabla hajachanjwa muuaji hathubutu kula wala kunywa kitu. Akiwa ndani ya boma la mzee hagusiki, ila ndugu wa marehemu wako nje wanamvizia atoke kidogo tu wamchome. Zinapita wiki hasira zipoe, ndipo mzee anaenda kwa upande wa muuaji kuuliza mna ng'ombe wangapi na mko tayari kulipa, halafu anakwenda kwa wafiwa. Wafiwa wanakataa! Lazima wakatae, heshima ya marehemu inadai hivyo, na mzee anajua kwamba watakataa, kwa hiyo anabembeleza, anabembeleza tena, akiona wanakaza sana anatishia laana, na mwisho wanakubali kwa kusema wanafanya kwa ajili yake yeye na sio kwamba ng'ombe wanatosha kulipia uhai wa ndugu yao.

Dia yenyewe, yaani fidia ya damu, ilikuwa ng'ombe 40 mpaka 50, wanaolipwa kidogo kidogo kwa miaka. Hakuna mtu mmoja mwenye ng'ombe wote hao, wanachanga ndugu, na hapo ndipo ukoo unapopata nguvu juu ya kijana mkorofi kwa sababu kila mjomba na kila baba mdogo anajua kwamba ukorofi wa huyu utamtoa ng'ombe zizini. Na sehemu ya ng'ombe wale inatumika kuoa mke kwa jina la marehemu, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wake na nasaba yake isikatike. Yaani fidia haikuwa adhabu, ilikuwa inarudisha kizazi kilichopotea.

Yule mzee hana askari hata mmoja, kinachompa nguvu ni ndoa. Mnuer haruhusiwi kuoa ndani ya ukoo wake, kwa hiyo dada zangu wameolewa kwenu, mke wangu katoka kwenu, mahari ya binti yenu imegawanywa kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia, na watoto wangu wanawaita ninyi wajomba. Tukipigana nani atakula ng'ombe wa mahari inayokuja? Nani atamtembelea dada yake? Ndio maana kesi za kuuana kati ya vijiji jirani zilimalizwa haraka kuliko za watu waliokaa mbali, jirani ameshafungwa na mashemeji wengi mno hawezi kuishi na kisasi. Na niseme wazi hili halikuwa na huruma kwa kila mtu, Mdinka, jirani wa Wanuer, hakuwemo kwenye hesabu ya dia, ng'ombe wake walivamiwa bila kesi yoyote. Amani ya undugu inaishia pale undugu unapoishia, na nadhani tunaoupenda mfumo huu tunapaswa kulitamka hilo bila kulizunguka.

Kuna njia nyingine ambayo haitegemei ukoo, rika. Waborana wa Ethiopia na kaskazini ya Kenya wana gadaa, ambapo uongozi unakabidhiwa rika lingine kila baada ya miaka 8, Abbaa Gadaa, yaani kiongozi wa rika lililo madarakani, akimaliza muda wake anatoka, hana cha kuongeza, na mtoto anapangwa kwenye rika hatua 5 nyuma ya baba yake ili baba na mwana waachane miaka 40 na wasishike madaraka kwa wakati mmoja. Ukomo wa madaraka huo, na wameulinda kwa mamia ya miaka, UNESCO wakauingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni 2016. Wanyakyusa kaskazini ya Ziwa Nyasa walikwenda mbali zaidi, vijana wa kiume wakifika miaka 10 hivi walianza kujenga kijiji chao na wenzao wa umri mmoja, wakakulia huko na kuoa huko. Rika linamchukua mtu kutoka kila ukoo, kwa hiyo koo zikitaka kukwaruzana zinakuta vijana wao ni watu wa kambi moja.

Sasa turudi kwenye ile dhana. Waingereza walipofika kwenye jamii kama hizi walitafuta mtu wa kumpa amri na wasipomkuta wakamtengeneza. Kenya kulikuwa na sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902, na Wakikuyu waliokuwa wanaendeshwa na mabaraza ya wazee wakajikuta na machifu walioteuliwa na ofisi. Kwa Waigbo wa Nigeria wakatoa hati, mwenye hati ndiye chifu, awe anaheshimika awe haheshimiki. Wale machifu hawakuwa na ukoo wa kuwabana wala rika la kuwapokea madaraka, waliyepaswa kumjibu ni mzungu peke yake, wakala rushwa, wakachukua mali za watu.

Novemba 1929, kule Oloko kwa hao Waigbo, mtu aliyetumwa na chifu wa hati akaenda kwa mama mmoja anayeitwa Nwanyeruwa akitaka kuhesabu watu na mifugo yake. Wanaume walikuwa wameshahesabiwa hivyo hivyo miaka michache nyuma halafu ikaja kodi. Nwanyeruwa akamuuliza yule mtu kama mama yake huyo mtu naye alihesabiwa. Habari ikasambaa kwa wanawake, na walikuwa tayari wamejipanga, wake wa kijiji wana umoja wao, mabinti wa ukoo walioolewa nje nao wana umoja wao unaovuka vijiji, wanakutana sokoni. Wakatumia adhabu yao ya zamani ya kumkalia mwanaume, wanajaa uani kwake, wanaimba maovu yake, wanagonga kuta kwa michi, haondoki mtu mpaka akubali makosa. Ikaenea mpaka mji wa Aba na mbali zaidi, maelfu ya wanawake, askari wakafyatua risasi na zaidi ya 50 wakauawa.

Serikali ikaleta wataalamu kuchunguza jamii hiyo inaendeshwa vipi, swali ambalo lilipaswa kuulizwa miaka 30 nyuma, na kuanzia 1933 machifu wa hati wakaondolewa, yakaundwa mabaraza ya wazee kwa kufuata koo, na wanawake wachache wakaingia kwenye baadhi ya mahakama. Ile mikutano ya wanawake yenyewe, iliyoangusha mfumo mzima, haikupewa nafasi yoyote kwenye utaratibu mpya, na kumkalia mwanaume kukawa kosa la jinai.