Kwa nini mashine moja haitoshi kulitafuta bomba lililofukiwa

Wateja wangu wengi huanza na swali moja: hiyo mashine yako inaona mpaka mita ngapi chini? Swali ni halali, maana wanalipia siku nzima ya kazi na wanataka kujua wananunua nini, lakini jibu la kweli huwavunja moyo kidogo. Mashine haioni bomba. Inapokea badiliko fulani la umeme, la sumaku au la mtikisiko, kisha mimi ninayeisoma ndiye ninayepuliza rangi barabarani na kusema kwamba hapa pamepita bomba. Kati ya lile badiliko na ile rangi kuna udongo, kuna kumbukumbu za ofisini, kuna uzoefu, na siku nyingine, nikiri, kuna kubahatisha kulikovalishwa koti la kitaalamu.

Katika miaka yangu ya kupima miundombinu iliyofukiwa hapa Dar es Salaam, utafiti ulionisaidia zaidi kulielewa jambo hili ulifanywa Uingereza. Ulianza mwaka 2005 kwa jina la Mapping the Underworld, yaani kuchora ramani ya ulimwengu wa chini (wenzangu kazini wanauita mradi wa kuzimu), ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham chini ya Profesa Chris Rogers. Katika awamu yake ya pili vyuo vikuu vinne vilifanya kazi pamoja: Birmingham, Bath, Leeds na Southampton. Waingereza walikuwa na sababu ya kuumiza kichwa. Kwa makadirio ya serikali yao, nchi ile ina takriban kilomita milioni 4 za mabomba na kebo chini ya ardhi, shimo moja huchimbwa kila baada ya sekunde 7, na kila mwaka mabomba na kebo hupigwa kwa bahati mbaya mara 60,000 hivi, hasara ambayo inakadiriwa kufikia pauni bilioni 2.4. Watafiti wa Birmingham walikuja kuonyesha baadaye kwamba gharama ya kutengeneza kilichokatwa ni sehemu ndogo tu ya hesabu: kwa kila pauni 1 ya matengenezo, foleni, biashara zilizosimama na usumbufu mwingine hufikisha gharama halisi kwenye pauni 29. Mtu aliyewahi kukaa foleni kwa sababu barabara imefumuliwa hatashangaa sana.

Wazo lao la msingi lilikuwa kwamba hakuna njia moja ya kutafuta inayoweza kushinda kila udongo na kila aina ya bomba, kwa hiyo badala ya kushindana ni njia gani iliyo bora, waziunganishe. Ili kueleza kwa nini wazo hilo lina nguvu, ni lazima nieleze udhaifu wa kila njia, na nitaanza na ile iliyoniaibisha mimi mwenyewe.

Chombo ambacho karibu kila mpimaji wa kazi hii anacho ni kitambuzi cha kebo, kile kirefu kama fimbo chenye mkono juu na antena ndani. Kebo yenye umeme unaotembea hutoa uga wa sumaku unaogeuka mara 50 kwa sekunde, kwetu kama ilivyo Uingereza, na chombo husikia mgeuko huo na kutoa mlio. Kama kebo imenyamaza, tunatumia kisanduku cha pili kinachoipa ishara ya kilohezi 33 hivi, kisha tunaifuata ishara hiyo juu ya ardhi. Njia hii ni nyepesi, rahisi na ya haraka. Hata hivyo, kebo ya taa za barabarani mchana haina umeme, kwa hiyo ukipita juu yake saa tano asubuhi ukitegemea umeme wake wenyewe, hutasikia kitu. Kebo tatu zikilazwa karibu, uga wa moja huusukuma uga wa nyingine, na mahali ambapo mlio ni mkubwa kabisa hapawi tena juu ya kebo. Ndiyo maana hupima mara mbili, mara moja kwa kutafuta mlio mkubwa na mara ya pili kwa kutafuta mahali mlio unapozimika, na majibu mawili yakipishana najua kwamba uga umepotoshwa na kina kinachosomeka kwenye kioo si cha kuaminika. Na kwa bomba la plastiki, chombo hiki ni kiziwi kabisa.

Hilo la mwisho nililijua kwa kusoma kabla sijalijua kwa kulowa. Tulikuwa Kinondoni, tukitayarisha njia ya mkonga wa mawasiliano. Nilipita na kitambuzi mara mbili, kimya, nikawaambia vijana waanze. Kwenye sentimita 70 hivi sururu ililipasua bomba la maji la plastiki, na maji yakaruka hadi kwenye meza ya mama aliyekuwa akiuza maandazi pembeni. Nikaenda kuomba radhi. Akanitazama, akafuta uso kwa khanga, akasema, "Mwanangu, si ungeniuliza? Hilo bomba nililiona likilazwa." Ramani tuliyokuwa nayo, iliyotoka kwa mwenye bomba, ilikuwa imeliweka ng'ambo ya pili ya barabara.

Kwa plastiki watu hukimbilia rada ya ardhini, ile inayosukumwa kama kigari cha mtoto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika. Rada hupeleka wimbi fupi la redio chini na kusubiri mwangwi. Inachopima ni muda wa kwenda na kurudi, kwa nanosekunde. Kina ni hesabu inayofanywa baadaye, na hesabu hiyo inahitaji mwendo wa wimbi ndani ya udongo. Hewani wimbi huenda sentimita 30 kwa nanosekunde. Kwenye mchanga mkavu huenda kama sentimita 15, kwenye udongo wa kawaida wenye unyevu kiasi huenda kama 10, na kwenye udongo uliolowa linaweza kushuka hadi 6. Sasa chukua mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 20. Ukiamini kwamba mwendo ni sentimita 10, bomba liko mita 1 chini. Ikiwa mvua ya wiki nzima imeshusha mwendo hadi sentimita 6, bomba liko sentimita 60 tu, na kijiko kilichoambiwa kichimbe sentimita 80 kwa usalama tayari kimelipitia.

Kuna namna ya kujisahihisha. Antena inapolikaribia bomba, umbali wa mshazari kati yake na bomba hupungua, na inapolipita huongezeka tena, kwa hiyo kwenye kioo bomba huonekana kama upinde ambao kilele chake kiko juu ya bomba lenyewe. Upinde uliokunjamana na upinde uliotanuka hueleza mwendo tofauti wa wimbi, na mpimaji mvumilivu anaweza kuusoma mwendo huo kutoka kwenye umbo. Lakini upinde huo hutokea vizuri pale tu unapolivuka bomba kwa kulikata. Ukitembea sambamba na bomba, juu yake hasa, utaona mstari mlalo unaofanana na tabaka la udongo, na utaondoka ukisema hakuna kitu. Kwa sababu hiyo barabara hupimwa kwa mistari inayokatana kama kitanda cha kamba, na mpimaji anayepita mara moja tu katikati ya barabara anapoteza fedha ya mtu.

Tena udongo hula wimbi. Mchanga mkavu hulipitisha bila taabu, udongo wa mfinyanzi hulinyonya, na maji ya chumvi hulinyonya zaidi. Kwa London, ambayo sehemu kubwa yake imekalia mfinyanzi, huo ni ugonjwa wa kila siku. Kwetu, ukipima kwenye mchanga mkavu unaweza kupata picha safi, kisha ukasogea ufukweni ambako maji ya chini yana chumvi, na kioo kikageuka ukungu baada ya nusu mita. Mashine ni ileile, na msomaji ni yuleyule. Hii ndiyo sababu watafiti wa Birmingham walishughulika na udongo wenyewe kwa bidii iliyonishangaza nilipoanza kuwasoma, wakipima jinsi unyevu unavyobadilisha tabia yake ya umeme kadiri majira yanavyopita, na wakishirikiana na taasisi ya jiolojia ya nchi yao ili mpimaji ajue kabla ya kutoka ofisini ni chombo gani kitamfaa mahali fulani. Ningekuwa na uwezo, huo ungekuwa utafiti wa kwanza kufanywa hapa kwetu, kabla ya kununua kigari kingine chochote.

Watu wa Southampton walikuja na njia nyingine ambayo naipenda kwa unyenyekevu wake: kulitikisa bomba. Unalishika bomba mahali linapofikika, kwenye koki au kwenye bomba la zimamoto, unalitikisa kwa masafa ya chini, na mtikisiko husafiri kando ya bomba ukivuja kidogo kidogo hadi juu ya lami, ambako geofoni (vipokezi vya mtikisiko) zilizopangwa kwa safu huupokea. Mahali mtikisiko unapowahi kufika ndipo bomba linapopita. Haijali kama bomba ni la plastiki. Inachojali ni kelele, na barabara yenye malori ina kelele nyingi. Pamoja na hiyo, mradi ulijaribu uga dhaifu wa sumaku wa kebo za umeme kwa kutumia safu ya koili nyingi badala ya moja, na ulijaribu kupima ukinzani wa umeme wa ardhi bila kutoboa lami.

Ukizitazama njia hizi kwa pamoja utaona kwamba udhaifu wao hauangukii mahali pamoja. Mfinyanzi unaoizima rada hauzimi uga wa sumaku wa kebo, na plastiki isiyosikika kwa kitambuzi husikika kwa mtikisiko. Lakini kuwa na majibu manne si sawa na kuwa na jibu. Rada ikisema bomba liko hapa, mtikisiko ukisema liko sentimita 30 kushoto, na ramani ya ofisini ikisema liko ng'ambo, nani aaminiwe? Kazi hiyo ilifanywa zaidi Leeds, ambako walitengeneza programu inayolipatia kila jibu uzito wake kwa kanuni za uwezekano: mwangwi ulio wazi hupewa uzito mkubwa, ramani ya zamani hupewa uzito mdogo lakini haitupwi, na uelekeo wa mabomba yanayoonekana ndani ya chemba mbili zilizo jirani hutumika kuunganisha nukta zilizotawanyika. Programu hutoa mistari, na kila mstari huja na kiwango cha uhakika wake.

Hizo ramani za zamani nazo zina mambo yake. Mradi mwingine wa Leeds na Nottingham, ulioitwa VISTA, ulikuwa umehangaika na kuoanisha kumbukumbu za kampuni mbalimbali, na ugumu haukuwa wa kompyuta peke yake. Huyu anapima kina mpaka mgongo wa bomba, yule anapima mpaka tumbo lake la ndani. Huyu anaandika kipenyo cha ndani, yule cha nje. Na mara nyingi mahali pa bomba huandikwa kwa umbali kutoka ukingo wa barabara, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa siku lilipoandikwa, ila barabara imepanuliwa na ukingo haupo tena. Ndivyo bomba la Kinondoni lilivyohamia ng'ambo bila kusogea.

Matunda ya fikra za namna hii yanaonekana katika PAS 128, mwongozo wa kupima mabomba na kebo zilizofukiwa uliotolewa na Taasisi ya Viwango ya Uingereza mwaka 2014 na kusahihishwa mwaka 2022. Humo kila mstari kwenye mchoro hupewa daraja. D ni kile kilichotoka kwenye makaratasi tu. C ni makaratasi yaliyolinganishwa na vifuniko na alama zinazoonekana barabarani. B ni kilichotambuliwa kwa vyombo, na ndani yake mna ngazi: ya juu kabisa hudai njia zaidi ya moja zikubaliane, na ya chini kabisa ni ya bomba ambalo makaratasi yanasema lipo lakini hakuna chombo kilicholipata. A ni kile kilichofunuliwa kwa macho na kupimwa, kwa kosa lisilozidi milimita 50 kwa mlalo na 25 kwa kina. Mimi naiona ngazi ile ya chini ya B kuwa ya maana kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha mpimaji aandike kwa mkono wake kwamba ametafuta na hakuona.

Serikali ya Uingereza sasa inajenga rejista moja ya taifa ya miundombinu iliyofukiwa, iitwayo NUAR, iliyofunguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 kwa Wales, London na kaskazini mashariki ya Uingereza, na sheria iliyoiwekea msingi ilipitishwa mwaka 2025. Ni hatua kubwa, ingawa rejista haiwezi kuwa sahihi kuliko michoro inayoingizwa ndani yake.

Mimi nimechukua ninachoweza. Sina geofoni wala programu ya Leeds, lakini nina kitambuzi, rada, daftari la vifuniko vya chemba, na siku hizi huanza kwa kuwasalimu wenyeji wa mtaa na kuwauliza waliona nini kikilazwa. Kila mstari ninaouchora una daraja lake. Katika kazi yangu ya hivi karibuni, njia ya bomba la maji lenye kipenyo cha milimita 150, tulifungua mashimo matatu ya kuhakikisha, kwa koleo na si kwa kijiko. Mawili yalilikuta bomba mahali tulipolitarajia. La tatu lilikuwa tupu. Tukalipanua taratibu kuelekea kushoto, na kwa sentimita 40 tukalikuta, limekunjwa kuuzunguka mzizi wa mwembe ambao haupo tena, umebaki kisiki kilichooza chini ya lami. Fundi aliyelilaza alifanya la busara, hakuliandika tu. Tulilipima likiwa wazi, tukalipiga picha pamoja na futi, tukafukia, na nikavituma vipimo vya mahali lilipo kwa mwenye bomba siku hiyohiyo. Mchoro wao, nilipoufungua tena wiki iliyopita, ulikuwa bado unaonyesha mstari ulionyooka.