Kriketi ya Wales: yanayosemwa na yaliyotokea

"Wales ni raga tu." Dhana hii imezoeleka kuliko zote. Klabu ya kriketi ya Glamorgan ilianzishwa Cardiff mwaka 1888, na mwaka 1921 ikaingia kwenye ligi kuu ya kaunti. Tena mara nyingi raga na kriketi zilichezwa na watu wale wale. Januari 1933, Wales ilipoishinda England kwa mara ya kwanza uwanjani Twickenham, kikosini walikuwemo Maurice Turnbull na Wilf Wooller, na wote wawili waliwahi kuwa manahodha wa Glamorgan. Turnbull aliuawa vitani Normandy, Agosti 1944. Wooller alishikwa mateka na Wajapani, akafungwa katika kambi ya Changi, Singapore, akarudi hai, na mwaka 1948 akaiongoza Glamorgan kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa kaunti.

Wapo wanaouita ubingwa huo bahati. Siwaelewi. Wooller aliwapanga wadakaji karibu kabisa na mpigaji, mahali ambapo mpira mgumu unaweza kukuvunja mfupa, na yeye mwenyewe alisimama hapo hapo. Mechi iliyoamua mambo ilichezwa Bournemouth, na aliyewamaliza wapinzani ni Johnnie Clay, mzee wa miaka 50 aliyekuwa kikosini tangu msimu ule wa 1921. Ubingwa ulirudi mwaka 1969, bila kupoteza mechi hata moja, kisha 1997.

Dhana nyingine ni kwamba timu iitwayo England ni ya Waingereza wa England peke yao. Chombo kinachoisimamia ni Bodi ya Kriketi ya England na Wales, ingawa kifupi chake, ECB, kimeiacha Wales nje. Tony Lewis, mzaliwa wa Swansea, aliiongoza timu hiyo India msimu wa 1972/73. Simon Jones alichukua wiketi 18, yaani aliwatoa wapigaji mara 18, dhidi ya Australia mwaka 2005. Na mwaka 2009 mfululizo wa Ashes, yaani mechi za England na Australia, ulifunguliwa Cardiff kwenyewe, England ikanusurika na sare kwa wiketi moja iliyobaki. Hata hivyo, Juni 2002, Wales ilipopewa nafasi ya kucheza kwa jina lake, iliifunga England hiyo hiyo ikiwa imebakiza wiketi 8.

Linaloniuma zaidi ni jina la Malcolm Nash. Agosti 31, 1968, uwanja wa St Helen's, Swansea, Garfield Sobers wa West Indies alimpiga sita (mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini) mara sita katika ova moja, yaani mipira yote sita ya zamu yake ya kurusha, na tangu hapo watu humtaja Nash kama mrushaji dhaifu. Ukweli ni kwamba siku ile alikuwa akijaribu mipira ya polepole ya kuzungusha, ambayo haikuwa kazi yake ya kawaida. Mpira wa tano ulidakwa, ila mdakaji akaangukia nje ya mpaka. Mwaka uliofuata Nash alikuwa miongoni mwa mabingwa, na alistaafu akiwa na wiketi 993 za daraja la kwanza.

Mwisho, husemwa kwamba mchezaji bora lazima ataitwa timu ya taifa. Don Shepherd alichukua wiketi 2,218. Hakuna aliyechukua nyingi kuliko yeye bila kucheza hata mechi moja ya Test, yaani mechi ndefu za timu za taifa. Agosti hiyo hiyo ya 1968, nahodha Tony Lewis akiwa hayupo, Shepherd ndiye aliyeshika unahodha Glamorgan ilipoifunga Australia palepale Swansea.