Beji namba 786: nilichojifunza kwa waandishi wa picha za Kihindi za miaka ya 70

Wanafunzi wangu wa uandishi wa skripti huniuliza mapema: mwalimu, picha gani unaipenda kuliko zote? Huwa sitaji picha moja, nataja mahali na wakati: Bombay, 1973 hadi 1979. Wakinibana zaidi, nawataja waandishi wawili ambao bila wao steringi asingekuwa na la kusema: Salim Khan na Javed Akhtar, walioandika skripti pamoja.

Sisi tuliokulia pwani tulizijua picha hizi kwa nyimbo na ngumi. Kwetu Tanga nilizitazama kwenye video ya jirani, sebule imejaa hadi kibarazani, hakuna hata mmoja wetu ajuaye Kihindi, na bado kina mama walitoka wakijifuta machozi kwa ncha za kanga. Miaka mingi niliamini kilio kile kililetwa na muziki. Nilipoanza kuandika mwenyewe, nikazirudia moja moja na daftari mkononi, ndipo nilipoona kuwa kilio kilikuwa kimeandikwa. Kilikuwa kimefichwa ndani ya kitu kidogo, kikaonyeshwa mapema, kisha kikaachwa kingoje.

Chukua beji ya Deewaar, picha ya 1975 iliyoongozwa na Yash Chopra. Vijay, anayechezwa na Amitabh Bachchan, ni kuli bandarini, na beji yake ya kazi ina namba 786. Kuli mwenzake, mzee Rahim, ndiye anayemweleza kwamba namba hiyo ni hesabu ya herufi za Bismillahi. Vijay ni Mhindu, tena amelisusa hekalu tangu utotoni. Mama yake akiingia kusali, yeye hubaki nje. Lakini beji anaitunza. Hapo sebuleni kwa jirani hakuna aliyehitaji mkalimani, maana 786 tulikuwa tukiiona kwenye malori na juu ya milango ya maduka.

Baadaye Vijay anapigwa risasi, na beji iliyo mfukoni inaizuia. Mwandishi mwingine angeridhika na muujiza huo. Salim na Javed wameuweka ili wewe uanze kukitegemea kile kipande cha chuma. Ukishakitegemea, wamekushika. Mwishoni Vijay, ambaye sasa ni mkubwa wa magendo, anafukuzwa na mdogo wake Ravi, ofisa wa polisi, na beji inamponyoka. Hakuna anayesema chochote kuhusu beji. Mtazamaji mwenyewe anajua, na anajua kabla ya Vijay.

Kila mtu anaikumbuka sini ya ndugu hao wawili chini ya daraja, ile ambayo Vijay anajivunia majengo, fedha za benki na gari, kisha anamuuliza Ravi ana nini. Jibu lina maneno manne ya Kihindi: mimi nina mama. Watu hulinukuu jibu na kusahau daraja. Ndilo walilolala chini yake walipokuwa watoto, baada ya mama yao kuwaleta mjini hawana kitu. Ondoa daraja, uwapeleke hotelini, na jibu lile linabaki msemo mzuri tu. Sini hii huwa nawapa wanafunzi waiandike upya mahali pengine, na hakuna zoezi linalowafundisha haraka kama hilo.

Miaka miwili kabla ya Deewaar, katika Zanjeer ya Prakash Mehra, walikuwa wameshaijaribu mbinu hiyo. Mtoto anashuhudia wazazi wake wakiuawa, na alichokiona cha muuaji ni mnyororo wa mkononi wenye farasi mweupe. Anakua, anakuwa inspekta, na farasi yule anamjia usingizini mwaka baada ya mwaka. Jina la picha ndilo hilo, mnyororo. Waigizaji wakubwa kadhaa waliikataa kazi hiyo kabla haijamfikia Amitabh, ambaye wakati huo picha zake nyingi zilikuwa zimeanguka. Na kwa kuwa mabango ya siku zile hayakuwa na kawaida ya kutaja waandishi, Salim na Javed walimlipa mchoraji azunguke mjini akiandika majina yao juu ya mabango. Kila ninapokutana na tangazo la picha lisilo na jina la mwandishi, na hapa kwetu ni mengi, namkumbuka mchoraji yule na ndoo yake ya rangi.

Sholay, iliyotoka Agosti 1975, ndiyo kilele. Ramesh Sippy aliipigia kwenye majabali ya Ramanagara, karibu na Bangalore, na kijiji cha Ramgarh kilijengwa hapo kwa ajili ya picha. Watu hupenda kuzungumzia jambazi Gabbar Singh, na Amjad Khan aliyemcheza anastahili. Mimi nazungumzia shali.

Mwanzoni Thakur, polisi mstaafu, anasimulia jinsi alivyopigana na majambazi kwenye treni akiwa na wahalifu wawili, Jai na Veeru, ambao sasa anawataka wamkamatie Gabbar. Tunamwona akifyatua bunduki kwa mikono yake miwili. Hiyo ndiyo hila yenyewe. Kwa kuwa tumeiona mikono, hatujiulizi tena kwa nini mzee huyu haachi kujifunika shali, wala kwa nini mtumishi wake Ramlal hakai mbali naye. Siku ya Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, Gabbar anavamia kijiji. Jai na Veeru wamebanwa, bunduki iko miguuni pa Thakur, na Thakur hainami. Veeru anamkasirikia, na sisi tunamkasirikia pamoja naye. Ndipo Thakur anaposimulia Gabbar alivyomfanya, upepo unaipeperusha shali, na mikono ya shati inaning'inia mitupu. Hasira yetu yote inageuka aibu. Nimeitazama mara nyingi kupita kiasi na bado koo hunikaba.

Sarafu ya Jai ni ndugu wa shali hiyo. Kila penye uamuzi mgumu anairusha, na bahati huwa upande wake. Akishakufa, Veeru anaiokota na kuona kwamba pande zote mbili zina sura moja. Kumbe haikuwa bahati: kila mara Jai alikuwa amekwisha kuchagua, na mara ya mwisho alichagua kubaki darajani yeye ili rafiki yake aende.

Don ya 1978 ina shajara nyekundu inayosakwa na kila mtu. Naipenda picha hiyo, lakini shajara yake inakimbizwa tu, haimbadilishi aliyeishika. Trishul ya mwaka huohuo iko juu zaidi, kwa lile gari la wagonjwa ambalo Vijay wa picha hiyo, Amitabh tena, anakwenda nalo kwenye ugomvi, tayari kuwabeba atakaowapiga.

Narudi kwenye Sholay, kwa sababu ya viatu. Thakur asiye na mikono anamkabili Gabbar kwa viatu vyenye misumari kwenye soli. Katika skripti anamuua kwa miguu hiyohiyo, kisha analia. Lakini mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakukubali aliyekuwa polisi ajichukulie sheria mkononi. Sini ikapigwa upya: polisi wanafika dakika ya mwisho na Gabbar anakamatwa. Mwisho huo ndio tuliouona wengi wetu, sebuleni kwa jirani na kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2025, miaka 50 baadaye, nakala iliyokarabatiwa ikaonyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wa kwanza. Viatu vikamaliza kazi yao.