Si uroho: dhana potofu kuhusu kujinyima na kula kupita kiasi

"Dokta, tatizo langu mimi ni uroho." Maneno haya nayasikia kliniki, hapa Unguja, tangu mfunguo mosi unapoingia na harusi zinapoanza kufuatana. Mara nyingi anayeyasema hajatia kitu tumboni siku nzima ila chai ya rangi, na alichonijia ni dayati kali kuliko ile iliyomshinda. Nimechoka kulijibu jambo hili mtu mmoja mmoja, ndiyo maana naliandika.

Dhana: Anayekula kupita kiasi hana msimamo, ajibane zaidi

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Inamtia mtu aibu kwa jambo ambalo mwili wake umesukumwa kulifanya, kisha inamrudisha kwenye kile kile kilichomfikisha hapo.

Wagonjwa wangu huwapa daftari waandike wanachokula na saa wanayokula. Siku moja ya daftari hilo huwa hivi: Saa moja asubuhi, chai bila sukari, watoto wanakula maandazi na mbaazi, mama anawatazama. Saa saba anapika wali na mchuzi wa samaki, anapakulia nyumba nzima, yeye anakula tango. Ikifika magharibi kichwa kinamgonga na kila mtoto ana kosa. Saa tatu usiku, watu wamelala, anakata kipande kimoja cha mkate wa kumimina. Akishakila anajiambia "basi, nishaharibu", na mkate wote unakwisha. Halafu wali wa mchana, wa baridi, kwa mkono, amesimama mbele ya friji. Asubuhi anaamka na majuto na kuapa kwamba leo hali kitu.

Sehemu ya usiku huandikwa kwa herufi ndogo kuliko ya mchana. Mgonjwa anataka tuzungumze usiku, mimi nataka tuzungumze mchana, maana mchana ndiko usiku ule ulikotengenezwa.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana wa kiume 36, wenye afya, waliochujwa vizuri kimwili na kiakili, wakawapunguzia chakula kwa wiki 24, takriban kilokalori 1,570 kwa siku. Wako wagonjwa wangu waliopewa na mashoga zao dayati ya chini ya hapo. Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mazungumzo yao yakawa chakula, ndoto zao chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakawa na huzuni na hasira za karibu. Walipoanza kulishwa upya, baadhi yao walikula mpaka tumbo likauma, na bado wakasema hawajashiba. Walipoingia katika utafiti hakuna aliyekuwa mroho. Mtu aliyezama akiibuka huvuta pumzi kwa pupa, na hatumlaumu kwa kuipenda hewa.

Hiyo ni njaa ya mwili. Iko na ya pili, inayotokana na sheria mtu alizojiwekea kichwani. Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack waliwapa wanafunzi wa kike maziwa mazito matamu, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo, kwa kisingizio cha kuonja ladha. Wasio na mazoea ya kujizuia walikula kidogo baada ya maziwa, kwa kuwa walishashiba. Wenye kujizuia walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao wa kundi lao ambao hawakunywa maziwa kabisa. Sheria ilishavunjika, wakaona hakuna tena cha kulinda. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata kuamini tu kuwa ulichokula kina kalori nyingi, kumbe hakina, kunatosha kuifungua njia hiyo. Kipande cha mkate wa kumimina hakikumharibia mtu kitu. Kilichomharibia ni ile "nishaharibu".

Sisemi kila anayepunguza chakula ataishia hapo. Wako wanaopunguza kwa utaratibu, chini ya uangalizi, na kula kwao kukatulia. Tofauti ni namna ya kujizuia: mwenye sheria ngumu za "hiki halali yangu, hiki haramu kwangu" ndiye anayeangukia kwenye kula ovyo kuliko mwenye kujipimia kwa nafasi, leo zaidi, kesho pungufu.

Kwa hiyo ninachowaambia, na nitaendelea kuwaambia hata wakinuna: kula asubuhi. Kula hasa. Muhogo wa kuchemsha na samaki, au mbaazi na mkate, au yai. Milo mitatu, na kitu kidogo katikati, usikae zaidi ya saa nne bila kula ukiwa macho. Ukila sana usiku, kesho asubuhi kula kama kawaida. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayokata mzunguko. Na ile halua unayoiogopa, uile mchana, umekaa, kwenye kisahani, pamoja na kahawa, mbele ya watu. Chakula kinacholiwa kwa kujificha hakina mwisho.

Dhana: Ramadhani itanikondesha

Saumu ni ibada, msiiingizie hesabu za kilo. Kwa wastani uzito unaopungua ndani ya mwezi ni mdogo, na wengi huurudisha wiki chache baada ya Idi. Anayeacha daku ili apungue zaidi hufika magharibi katika hali ile ile ya mama wa daftari.

Dhana: Maji ya ndimu yanayeyusha mafuta

Hayayeyushi. Ukiyapenda, yanywe, lakini yasichukue nafasi ya chai ya asubuhi.

Dhana: Haya ni matatizo ya wanawake wanene

Nimepokea vijana wa kiume wanaonyanyua vyuma, na wasichana wembamba ambao nyumbani wanahesabiwa kuwa na vidonda vya tumbo, kumbe wanajitapisha kila wakila. Umbo halikwambii mtu anakulaje. Mawifi na mashangazi, salamu yenu ya harusini isianze na "mbona umejaa?" Hamjui mnamwambia nani.

Wawili nawaomba wasingoje. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari viitwavyo glibenclamide asiruke mlo kwa sababu ya dayati yoyote, sukari yake inaweza kushuka ghafla akazimia; akitaka kupunguza uzito, kwanza azungumze na anayempa dawa. Na anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha baada ya kula, akianza kuhisi moyo unaruka, misuli inalegea au kizunguzungu, aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu, kwa kuwa potasiamu, madini yaliyomo katika damu, ikishuka moyo huenda mrama. Amwambie daktari ukweli wote, na dawa alizokunywa.