Ukizima Kinu cha Nyuklia, Joto Halizimiki

Tangu Siaya ianze kutajwa kuwa huenda kukajengwa huko kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, swali moja limenifuata kuanzia darasani hapa Kisumu hadi kwenye mabaraza upande wa Rarieda: kukitokea hitilafu, si mhandisi atabonyeza kitufe azime? Atazima. Fito za kudhibiti zitaingia ndani ya kinu, zimeze nyutroni, zile chembe zinazopasua viini vya atomu, na mfululizo wa mipasuko ukome kwa sekunde chache. Lakini anayedhani kinu ni kama jiko la gesi, ukifunga moto umekwisha, hajaona shida ilipo. Wanafunzi wengi hudhani shida hiyo ni ya mabomba na pampu. Chanzo chake kimo ndani ya kiini cha atomu.

Kiini kimejaa protoni na nyutroni. Protoni zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana; kinachozishika pamoja ni kani ya nyuklia, ambayo ni kali sana lakini haifiki mbali. Ndiyo maana kiini kikizidi kuwa kikubwa, huhitaji nyutroni nyingi zaidi ya protoni ili kisimame. Uraniamu-235, ambayo ndiyo fueli ya kinu, ina protoni 92 na nyutroni 143. Katika uraniamu inayochimbwa ardhini, aina hii haifiki hata asilimia 1.

Nyutroni ya mwendo wa polepole ikiingia kwenye kiini hicho, aghalabu hukipasua vipande viwili, na hapo hutoka nyutroni mbili au tatu za kuendeleza kazi. Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua jambo hili Berlin mwishoni mwa 1938. Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch ndio waliofafanua kilichotokea. (Nobel akapewa Hahn peke yake. Bado inaniudhi.) Mpasuko mmoja hutoa nishati ya takriban MeV 200 (MeV ni kipimo cha nishati kwenye mambo ya atomu), kama mara milioni 50 ya ile ya atomu moja ya kaboni inapoungua.

Sasa vitazame vile vipande, maana hapo ndipo penye mambo. Chukua mpasuko unaozaa bariamu-141 na kriptoni-92. Kriptoni hii ina protoni 36 na nyutroni 56, ilhali kriptoni tulivu iliyo nzito kuliko zote ina nyutroni 50. Imerithi wingi wa nyutroni kutoka kwa mzazi wake, na kwa umbo lake dogo haiwezi kukaa nazo. Basi nyutroni moja hugeuka protoni, elektroni ikaruka nje, na kriptoni ikawa rubidiamu. Nusu ya viini vyake huwa vimegeuka kwa sekunde 2 hivi; muda huo ndio nusu-maisha yake. Rubidiamu huwa strontiamu, nusu-maisha yake sekunde 4 na nusu. Strontiamu huwa itriamu, na hapa mwendo unapungua: saa 2 na dakika 40. Nusu ya itriamu huchukua saa 3 na nusu kuwa zirkoniamu, ambayo hatimaye imetulia. Kila hatua hutoa joto, na hakuna fito wala kitufe kinachoweza kuizuia. Ndani ya kinu kuna mamia ya vipande vya aina tofauti, vingine vya sekunde, vingine vya miaka. Sesiamu-137 ina nusu-maisha ya miaka 30.

Wapo wanaoshtuka kusikia viini vinasambaratika, kana kwamba ni jambo la viwandani tu. Katika gramu moja ya potasiamu ya kawaida, viini kama 31 husambaratika kila sekunde. Maabarani, ukisogeza kipima mionzi karibu na mfuko wa mbolea ya potashi, yenye potasiamu hiyo, ile tiki-tiki yake huongezeka kasi pale pale. Mkulima wa miwa kule Muhoroni ameweka gunia hilo stoo miaka yote bila neno.

Turudi kwenye kinu. Kinachozalisha megawati 1,000 za umeme hutoa kama megawati 3,000 za joto. Mara tu kinapozimwa, bado hubaki megawati 200 hivi. Baada ya saa moja ni kama 45. Kwa kulinganisha, mitambo yote ya umeme wa maji ya Sondu Miriu ni ya megawati 60. Kesho yake bado kuna kama 15, joto la kutosha kugeuza lita 20,000 za maji kuwa mvuke kila saa, yaani malori mawili ya maji ya lita 10,000. Usipoleta maji hayo, fueli inayeyuka.

Hilo ndilo lililotokea Fukushima, Machi 2011. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Tsunami ikaja baadaye, ikafurika jenereta, nyingi zikiwa kwenye vyumba vya chini, na pampu zikakosa umeme.

Kwa hiyo kwenye baraza lijalo, kuuliza tu kama kinu kinazimika hakutoshi. Uliza kitaweza kuendelea kupozwa kwa saa ngapi bila umeme wala mtu kukigusa. Kinu cha aina ya AP1000, kwa mfano, imesanifiwa kwa saa 72. Uliza jenereta zitakaa wapi, ukikumbuka Ziwa Victoria lilivyopanda 2020 likameza fuo. Na uliza mdomo wa bomba la maji utalindwaje siku upepo ukilisukuma gugumaji lote upande huo.