GPT kwenye kompyuta ya BIOS: megabaiti moja inayosahaulika

Mashini nyingi ninazoletewa hapa Goma zilishatumika Ulaya, na baadhi hazijui UEFI kabisa; zina BIOS tu, programu ya zamani ya kuwashia kompyuta ambayo UEFI ilikuja kuirithi. Mwenyewe anataka diski mpya na Linux, lakini huko mtaani Birere ameshaambiwa kwamba BIOS haiwaki kutoka GPT, mpango mpya wa kugawa diski. Si kweli. Inayokataa ni Windows.

BIOS inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na kuiachia kazi kodi iliyomo. Kwa mpango wa zamani wa kugawa diski, MBR, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, kodi hiyo ina baiti 446 tu. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni nne, yaani vipande vya diski, kisha alama 55 AA. Anwani zake ni za biti 32, ndiyo maana diski yenye sekta za baiti 512 inakwama kwenye terabaiti 2 na kidogo.

Sasa, GRUB, programu inayoiwasha Linux, haienei katika baiti 446. Kwenye MBR, sehemu yake kubwa hujibanza katika nafasi tupu kabla ya patisheni ya kwanza. Kwenye GPT nafasi hiyo ina mwenyewe: jedwali la patisheni 128 linakaa hapo hapo. Kwa hiyo ipe GRUB patisheni yake, megabaiti 1, aina EF02 katika gdisk, au alama bios_grub katika parted (zote mbili ni programu za kugawa diski). Si EF00, hiyo ni ya UEFI, na huko ndiko wengi wanakopotelea. Usiiwekee ext4 wala mfumo wowote wa faili. Halafu:

grub-install /dev/sda

Diski nzima, si patisheni yake sda1.

Zipo BIOS kaidi. Zinachungulia ile MBR ya ulinzi ambayo GPT huiweka mwanzoni, zikikosa patisheni yenye alama ya kuwasha zinadai hakuna diski. Katika parted andika disk_set pmbr_boot on.

Mimi huweka GPT hata kwenye diski ndogo, kwa sababu nakala ya jedwali iko mwishoni mwa diski. La mwanzoni likiharibika, gdisk hulirudisha. MBR haina akiba hiyo. Lakini mteja akitaka Windows iwake kwenye diski hiyo hiyo, naweka MBR bila mjadala. Diski ya pili, ya kuhifadhia faili tu, inaweza kuwa GPT. Windows za leo huisoma bila shida.