Detajenti ndani ya oili ya injini ni nini?

Mtu kamwaga oili Jumamosi, kaweka mpya yenye rangi ya asali. Jumamosi inayofuata anachomoa stiki ya kupimia oili, anakuta nyeusi tii. Moja kwa moja dukani kugomba: kauziwa feki. Feki zipo, hilo sibishi. Lakini kwenye injini ya dizeli, tena iliyokwishatembea kilomita nyingi, oili kuwa nyeusi ndani ya siku chache huwa ni dalili kwamba inafanya kazi. Kazi yenyewe ni kusafisha, na mfanyakazi mkuu anaitwa detajenti.

Oili unayonunua kwenye galoni si kitu kimoja. Sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, yanayolainisha vyuma vinavyosuguana. Humo ndani huchanganywa kemikali nyingine: za kuzuia povu, za kuzuia kutu, za kupunguza kulika kwa chuma, na hizo detajenti. Detajenti ni sabuni, ila si ya kufulia. Hutengenezwa kwa madini, hasa kalisi na magnesi, na huyeyuka kwenye mafuta badala ya maji.

Ukitaka kuielewa, anza na beseni la nguo. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika doa la mafuta, kichwa kinabaki majini, doa linang'oka. Ndani ya injini mambo yanageuka: mkia ndio unaoelea kwenye oili, na kichwa ndicho kinachogandamia uchafu na chuma. Hivyo pistoni na ringi zake, yaani pete za chuma zinazoizunguka, hazipati nafasi ya kujenga ile lami ngumu inayotokana na oili kuungua kwa joto.

Halafu kuna asidi. Salfa iliyomo kwenye mafuta yanayoendesha injini ikiungua na kukutana na mvuke wa maji inazaa asidi ya salfa, na asidi hiyo hula kuta za silinda. Ndiyo maana chembe za detajenti hubebeshwa kalisi kaboneti ya ziada, dawa ileile iliyomo kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za pwani yetu. Asidi ikija, inakutana na kalisi na kuisha ukali. Kiasi cha akiba hiyo hupimwa kwa namba iitwayo TBN. Oili za magari aghalabu huwa kati ya 7 na 12 hivi. Oili za silinda za meli kubwa zilikuwa zinafika 70 hadi 100, kwa sababu meli zilichoma mafuta mazito yenye salfa hadi asilimia 3.5. Tangu Januari 2020, kanuni za kimataifa zilipoishusha salfa hadi asilimia 0.5, meli nyingi zimehamia oili zenye namba ndogo kama 40. Sababu ni kwamba kalisi ikikosa asidi ya kupambana nayo hugeuka kuwa ukoko mgumu juu ya pistoni. Dawa ikizidi, nayo ni sumu.

Detajenti ina pacha wake, dispasanti. Huyu hana madini. Kazi yake ni kuzizunguka chembe za masizi zisishikamane na kuwa tope, ziendelee kuelea hadi zinaswe na filta au zitoke siku ya kumwaga. Kwa hiyo weusi ulioutazama kwenye stiki ni masizi yaliyobebwa. Yasingebebwa yangekuwa yamelala kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kwenye vinjia vya oili.

Haya yote yalianzia kwenye shida. Katika miaka ya 1930, injini za dizeli za trekta za Caterpillar zilikuwa zinakwama ringi, kwani oili za wakati ule nyingi zilikuwa mafuta matupu. Wakemia wakachanganya sabuni ya madini kwenye oili, ringi zikaachia. Hadi leo oili tupu ipo: kwenye madaraja ya ubora ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, inaitwa SA, na API yenyewe inasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930. Ukiona galoni la bei ya kutupa, soma herufi hizo kabla ya kusoma bei.

Je, utajuaje kama oili nyeusi bado ina nguvu? Dondosha tone moja la stiki kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, iache usiku kucha. Doa likisambaa taratibu, jeusi katikati na kufifia kuelekea pembeni, masizi bado yanabebwa. Likibaki duara jeusi zito lenye ukingo mkali, na nje yake mafuta meupe peke yake, mbebaji amechoka. Si maabara, lakini inakuambia mengi.

Sasa ile dawa ya kuosha injini, inayomiminwa kwenye oili ya zamani dakika tano au kumi kabla ya kumwaga. Hiyo ni detajenti kali iliyochanganywa na kiyeyushi chepesi. Kwa injini iliyotunzwa haina kubwa la kufanya. Kwa injini iliyokaa miaka bila kumwagwa oili, ni kamari. Nilishasimama gereji moja, fundi kamimina dizeli badala ya dawa, gari likanguruma, mara taa ya oili ikawaka. Sampu iliposhushwa, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na magamba meusi yanayovunjika mkononi kama ukoko wa wali ulioungua. Uchafu ulikuwa umeng'oka kwa mkupuo mmoja, oili ikakosa pa kupita. Injini ya namna hiyo ni heri uipe oili nzuri na filta mpya, uimwage mapema mara mbili tatu, ioshwe polepole. Sabuni ya vyombo usiiguse kabisa: oili inafanya povu, pampu inavuta hewa.

Na si kila mashine inataka kusafishwa. Kompresa ndogo ya fundi wa pancha mara nyingi haina filta ya oili. Wengi wa watengenezaji wake hutaka oili isiyo na detajenti, kwa sababu humo uchafu unatakiwa uzame chini na kutulia, na maji yanayotoka kwenye hewa yajitenge, badala ya kuchanganyika na oili ikawa uji mweupe unaozunguka na kusaga beringi.